Karafuu ndani ya mzizi

Kama umekulia Unguja, basi dawa ya jino umeijua kabla hujajua kusoma. Jino likianza kukuchoma usiku, bibi haulizi mengi. Anafungua kikopo cha viungo, anatoa punje moja ya karafuu, anakwambia ing'ate hapo hapo panapouma, funga mdomo, lala. Ulimi unakufa ganzi, ufizi unawaka kidogo, na baada ya muda usingizi unakuchukua. Asubuhi unaamka na ladha ya pilau mdomoni.

Mimi harufu hiyo nilikutana nayo tena mahali nisipopategemea: ndani ya mzizi wa jino langu mwenyewe. Mwaka jana nilikuwa Forodhani jioni, nakula muhogo na mishikaki kama watu wengine, mara nikahisi kitu kimeachia. Nikatemea kwenye kitambaa. Ilikuwa kofia ya gego langu, na chini yake kijiti cheupe kimechomoza kama mguu wa uyoga. Kilikuwa kimewekwa miaka miwili kabla, kwenye kliniki ambayo sitaitaja, na nililipa pesa ambayo kwa mwanafunzi wa uzamili si ndogo.

Daktari wa meno niliyemwendea alikitazama kijiti kwenye taa. Saruji yote ilikuwa bado imeking'ang'ania, na ukuta wa mzizi umebaki mtupu. Mtu wa Mji Mkongwe picha hiyo anaijua: ndiyo lipu inayobanduka ukutani kwa kipande kimoja kizima, laini kwa nyuma, kana kwamba haikuwahi kushika. Kisha akaingiza kifaa chake chembamba kusafisha mzizi, na harufu ikapanda puani. Karafuu tupu. "Unaisikia?" akaniuliza. "Huenda hii ndiyo iliyokuangusha."

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Utafiti wangu ni wa chokaa na saruji za majengo ya zamani. Nimekaa miaka miwili nikipima mawe na udongo wa nyumba za watu, na sikuwahi kujiuliza kilichomo kwenye jino langu. Na swali lililokuwepo pale kwenye kiti lilikuwa la kweli: tuling'oe, au tujaribu tena? Kwa hiyo nikaenda kusoma. Hiki ndicho nilichokipata.

Kwanza, kijiti kinafanya kazi gani. Jino likioza mpaka ndani, daktari hutoa nyama laini yenye mishipa iliyomo katikati (mtaani tunaita kuua mzizi), anausafisha mfereji wake, kisha anauziba. Mara nyingi sehemu ya juu ya jino inakuwa imeliwa sana, hakuna pa kushikia kofia. Hapo ndipo anapofungua nafasi kwenye mfereji, akiacha milimita nne au tano za kizibo kule chini kwenye ncha, na kutia kijiti. Juu ya kijiti anajenga kisiki, na juu ya kisiki anavisha kofia.

Watu wengi wanadhani kijiti kinautia nguvu mzizi. Hakifanyi hivyo. Kinashikilia kisiki, basi. Na ili kukitia inabidi uchonge mzizi kidogo, kwa hiyo kwa hesabu ya haraka unaupunguzia nguvu. Fikiria boriti kwenye nyumba zetu. Boriti ya mkoko imepita kwenye ukuta wa mawe, imekaa kwenye tundu, imepigiwa chokaa pembeni. Inabeba dari. Lakini hakuna fundi atakayekwambia kwamba ukuta umepata nguvu kwa kutobolewa. Akitoboa vibaya, au boriti ikiwa ngumu na nzito kuliko ukuta unavyoweza kustahimili, ukuta ndio unaopasuka.

Wazo lenyewe si la leo. Mwaka 1728 Pierre Fauchard, tabibu wa Ufaransa, alichapisha kitabu kikubwa juu ya meno, na humo alieleza vijiti vya dhahabu na fedha vinavyoingizwa kwenye mzizi na kushikwa kwa gundi iliyolainishwa kwa moto. Baada yake wakaja waliotumia vijiti vya mti. Hoja yao ilikuwa ya akili: mti mkavu ukiingia kwenye mzizi wenye unyevu unavimba, unajibana wenyewe, hata gundi huhitaji. Sasa wewe unayejua boriti zinavyofanya ukutani masika yakiingia unaweza kukisia kilichofuata. Mti haujui pa kuacha. Uliendelea kuvimba, na mizizi mingi ikapasuka kwa urefu. Mzizi uliopasuka hivyo hauna dawa mpaka leo. Ni koleo tu.

Kwa hiyo karne ya 19 ilikuwa karne ya kutafuta kitu cha kujaza pengo kati ya kijiti na mzizi, kitu kinachoganda kwenye mate na joto la mwili bila kuvimba. Walianza na unga wa oksaidi ya zinki uliochanganywa na kloridi ya zinki, ambao Mfaransa Sorel aliuleta katikati ya karne. Uliganda vizuri lakini uliunguza. Baadaye, kuelekea mwisho wa karne, ukaja unga ule ule kwa asidi ya fosforiki. Saruji hiyo ya fosfeti ya zinki imedumu kwa zaidi ya miaka mia, na bado ipo kwenye kabati za kliniki nyingi. Haigandi na jino kwa kemia yoyote. Inajipenyeza tu kwenye mikwaruzo ya pande zote mbili na kukaza, sawasawa na chokaa inavyoishika boriti: hakuna mapenzi kati yao, ni kubanana.

Katikati ya hapo ndipo sisi tunapoingia. Vitabu vya fani hiyo hutaja mwaka 1873, na daktari wa Marekani aitwaye Chisholm, kuwa ndipo oksaidi ya zinki ilipochanganywa na mafuta ya karafuu. Unga mweupe, mafuta ya manjano, unakoroga kwenye kioo mpaka inakuwa kama uji mzito, unaweka kwenye tundu la jino. Inaganda. Na tofauti na zile za asidi, haiunguzi, inatuliza. Yaani ni dawa ya bibi, isipokuwa hii inaganda.

Sasa tuutazame huo mwaka 1873 ukiwa umesimama Unguja. Mikarafuu si mti wa kwetu kwa asili. Imetoka visiwa vya Maluku, huko Indonesia. Wafaransa waliichukua na kuipanda Mauritius na Réunion, na mwanzoni mwa karne ya 19 Mwarabu mmoja, Saleh bin Haramil al-Abry, akaileta Unguja, Mtoni na Kizimbani. Sayyid Said bin Sultan alipoona faida yake, alimnyang'anya Saleh mashamba, na inasimuliwa kwamba aliwaamuru wenye ardhi wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Katika miongo michache Zanzibar ikawa ya kwanza duniani. Na nani alipanda? Nani alipanda juu ya miti ile mirefu kuchuma kikonyo kwa kikonyo, akachambua, akaanika juani? Watumwa, waliotolewa bara, wakapitishwa kwenye soko la Mkunazini.

Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na ndiyo maana mpaka leo ukisema karafuu unasema Pemba. Juni 1873 Sayyid Barghash, akibanwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Utumwa wenyewe haukuisha pale. Hukumu ya kuufuta kisheria ilikuja 1897. Kwa hiyo mwaka ule ule ambao Chisholm alikuwa anakoroga mafuta yake ya karafuu kumpunguzia mtu maumivu, mikono iliyochuma karafuu nyingi ya dunia bado ilikuwa ya watu wasio na hiari. Sijawahi kuliona hili kwenye kitabu chochote cha meno. Naliweka hapa kwa sababu mimi ni mtu wa kisiwa hiki na jino ni langu.

Kinachofanya kazi ndani ya karafuu kinaitwa yujenoli. Jina limetokana na Eugenia, jina la zamani la kisayansi la mkarafuu. Mafuta ya karafuu ni yujenoli kwa sehemu kubwa, mara nyingi kati ya asilimia 70 na 90. Na hayatoki kwenye punje peke yake. Pale Wawi, karibu na Chake Chake, kipo kiwanda cha shirika la serikali, ZSTC, kinachokamua mafuta kwenye makonyo, vile vijiti ambavyo mtoto wa Pemba hufundishwa kuvitenga na karafuu kabla ya kuanika. Ukipita karibu wakati mitambo inafanya kazi, utadhani mji mzima unaumwa meno.

Yujenoli ikikutana na oksaidi ya zinki, molekuli zake zinaikamata zinki kwa mikono miwili kama koleo, na mchanganyiko unakuwa mgumu. Kinachochekesha ni kwamba inahitaji maji kidogo ili ianze. Kukiwa na unyevu na joto, inaganda haraka zaidi. Ndiyo maana kwenye hewa ya pwani kama yetu daktari anatakiwa akoroge upesi, kwenye kioo kilichopoa, la sivyo anabaki na jiwe kabla hajageuka kwa mgonjwa. Na kwa sababu mfungo ule unaachia polepole ukiguswa na maji, yujenoli inaendelea kuvuja kidogo kidogo. Hapo ndipo utulivu wake unapotoka. Shikilia hilo, tutalirudia.

Saruji hii ilipata kazi nyingi: kuziba kwa muda, kutandika chini ya kizibo cha kudumu, na hasa kujaza mzizi. Kwenye mzizi hutumika pamoja na gutapacha, utomvu wa mti wa Malaya unaolainika kwa moto na kukauka bila kuoza. Nakatiza kidogo hapa, maana sikuweza kujizuia: gutapacha hiyo hiyo ndiyo iliyofunikia nyaya za simu za chini ya bahari. Mwaka 1879 waya wa telegrafu kutoka Aden uliifikia Zanzibar na kuendelea kusini mpaka Durban. Nyumba ya kampuni ya simu pale Shangani sasa ni hoteli. Kwa hiyo kitu kilichoiunganisha Unguja na London na kitu kilichomo kwenye mzizi wako uliozibwa ni utomvu mmoja. Haya, turudi.

Mpaka katikati ya karne ya 20 hakukuwa na ugomvi. Ukajaza mzizi kwa karafuu na zinki, ukatia kijiti cha chuma, ukakibana kwa fosfeti ya zinki. Saruji ya fosfeti haijali karafuu. Shida ilikuwa kijiti. Ukipima ugumu wa kupinda, dentini, yaani ule mfupa wa jino, ina gigapaskali kama 18. Titani ina kama 110, chuma cha pua karibu 200. Ukitafuna, mzizi unataka kupinda kidogo, kijiti hakitaki. Nguvu yote inakwenda kukaa kwenye ncha ya kijiti, na siku moja, miaka kumi baadaye pengine, mzizi unapasuka.

Hapa ndipo utafiti wangu na jino langu vilipokutana, maana ni kesi ile ile ya kuta zetu. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa iliyochomwa kwenye tanu. Ni laini, zinapumua, zinajongea kidogo. Halafu akaja mtu na saruji ya Portland, ile ambayo Joseph Aspdin wa Uingereza aliisajili 1824, akapiga lipu ngumu nje akidhani anasaidia. Unyevu ukafungiwa ndani, chumvi ikajaa, mawe yakaanza kuwa unga nyuma ya lipu iliyoonekana nzima. Na vichwa vya boriti, vile vilivyozama ukutani, vikaoza kimyakimya. Kitu kigumu kukitia ndani ya kitu laini si kosa peke yake. Kosa ni kukitia na kwenda zako. Wale waliokarabati majengo ya zamani vizuri walirudi kwenye chokaa.

Madaktari nao walirudi kwenye kitu laini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Ufaransa walileta vijiti vya nyuzi za kaboni, na baadaye vya nyuzi za kioo, kama changu. Ugumu wake uko karibu zaidi na wa dentini. Vikizidiwa, mara nyingi kinachoachia ni saruji, si mzizi kupasuka. Ukitazama kwa jicho hilo, kilichonipata Forodhani ni bahati: kijiti kilitoka, mzizi ukabaki mzima.

Lakini kijiti cha nyuzi hakitaki kubanwa tu, kinataka kugandishwa. Na gundi yake inatoka kwenye safari nyingine kabisa. Mwaka 1955 Michael Buonocore aligundua kwamba ukiipangusa enameli kwa asidi, rezini inashika. Mwaka 1962 Rafael Bowen akatoa rezini ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa vizibo vyeupe. Rezini hizi zinaganda kwa mnyororo: molekuli moja inaamsha ya pili, ya pili inaamsha ya tatu, mpaka zote zimeshikana. Na nani anaweza kuukata mnyororo huo? Yujenoli. Inaidaka ile cheche inayopita kutoka molekuli moja kwenda nyingine na kuizima. Kazi yake kwenye mmea ni kuulinda, na kwenye mzizi wangu iliendelea kufanya kazi hiyo hiyo, haina kosa.

Kwa hiyo kama mfereji ulijazwa kwa saruji ya karafuu, na kuta zake hazikusuguliwa vizuri kabla ya kutia kijiti, mabaki yanavuja yujenoli kidogo kidogo (si nilikwambia tutarudi hapa), na rezini iliyogusana na ukuta inabaki laini. Saruji inashika kijiti, haishiki jino. Matokeo ya vipimo vya maabara hayakubaliani yote juu ya ukubwa wa madhara haya. Ukuta ukisafishwa sawasawa na kupanguswa kwa asidi, tofauti inaweza kuwa ndogo. Na mfereji una shida zake nyingine: ni mrefu, mwembamba, taa haifiki chini, na rezini ikiganda inasinyaa na kujivuta kutoka ukutani. Ndiyo maana daktari wangu alisema "huenda". Nilimheshimu zaidi kwa neno hilo moja.

Ipo njia nyingine, na hii ina mizizi Tanzania. Mwaka 1972 Alan Wilson na Brian Kent, wakemia wa serikali London, walitangaza saruji ya glasi-ionoma: unga wa glasi na asidi, inayoshikana na kalsiamu ya jino moja kwa moja na kutoa floraidi. Haihitaji mnyororo wa rezini. Sasa, katikati ya miaka ya 1980, katika skuli ya udaktari wa meno ya Dar es Salaam, Mholanzi Jo Frencken na wenzake walikuwa wanahangaika na swali la vijijini: utazibaje jino mahali pasipo na umeme wala maji ya bomba? Wakaondoa uozo kwa vifaa vya mkono tu, wakaziba kwa saruji inayoshika yenyewe. Walianza na polikaboksileti, ndugu mkubwa wa glasi-ionoma, na baadaye glasi-ionoma ikachukua nafasi. Njia hiyo, inayojulikana kwa kifupi kama ART, Shirika la Afya Duniani liliitangaza mwaka 1994, na leo inatumika nchi nyingi sana. Nimesoma Tanzania miaka yote na hakuna mwalimu aliyewahi kunitajia.

Na usidhani chokaa imeachwa nje. Hidroksaidi ya kalsiamu, ambayo ni chokaa iliyozimwa, ile ile mafundi wetu wanayoilaza kwenye shimo, imetumika kwenye meno tangu Bernhard Hermann wa Ujerumani aifanyie kazi mwaka 1920. Inaua vijidudu, inalichochea jino lijenge ukuta mpya. Hata saruji ya Portland niliyoitukana hapo juu ina pa kwake: miaka ya 1990, huko Loma Linda, California, Mahmoud Torabinejad alitoa dawa ya kuziba mizizi iliyotoboka, na ukiifungua kikemia, kwa sehemu kubwa ni saruji ya Portland iliyosafishwa na kuongezwa oksaidi ya bismuthi ili ionekane kwenye eksirei. Kwenye nyumba inafungia unyevu. Kwenye ncha ya mzizi, kufungia ndiko kunakotakiwa.

Basi, jino langu. Daktari alipima kilichobaki juu ya ufizi: milimita mbili za jino zima, kuzunguka pande zote. Hicho ndicho kipimo alichokuwa anakitafuta kuliko kitu kingine. Kofia ikikumbatia ukanda huo, kijiti hakibebi mzigo wote peke yake. "Ingekuwa chini ya hapo," alisema, "ningekwambia tung'oe." Akausugua mfereji kwa muda mrefu, akausafisha kwa spiriti, akanusa, akausugua tena. Akatia kijiti kipya kwa saruji ya glasi-ionoma iliyotiwa rezini kidogo, akanikataza kutafuna upande ule siku nzima.

Niliporudi nyumbani bibi alikuwa barazani. Nikamsalimu, nikamweleza yote: rezini, mnyororo, yujenoli, na kwamba karafuu ndiyo iliyosababisha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza nimelipa kiasi gani. Nilipomtajia akanyamaza, akahesabu kwa vidole.

"Mjukuu wangu," akasema, "kwa pesa hiyo ungepata pishi ngapi za karafuu?"